Jinsi modi zilivyotoka kwenye kompyuta hadi banda la gemu

Novemba 2013 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa PES 2014 ya PlayStation 2, na baada ya hapo haikutengeneza tena gemu ya mpira kwa mashine hiyo. Lakini kwenye mabanda ya gemu ya Tunduma na kwenye meza za wauza CD, diski za PlayStation 2 ziliendelea kuingia kila msimu. PES 2016 ilikuja, ikaja 2017, ikaja 2018, mwaka umeandikwa kwa maka pen juu ya diski nyeupe. Neymar alipohamia PSG Agosti 2017, haukupita muda naye akawa amehamia kwenye diski za mashine ambayo Konami walikwisha kuiacha. Tandiboi anayesubiri foleni ya malori kuvuka mpaka kwenda Nakonde alicheza na kikosi cha msimu uleule, akalipa mechi yake, akaondoka.

Kazi hiyo ilifanywa na wachezaji wenyewe, watu waliokaa na kompyuta wakaifungua gemu ya zamani, wakabadilisha jezi, sura na majina, wakaifunga tena. Ndiyo modi. Historia ya modi huandikwa kana kwamba zilifika kwenye mashine za sebuleni siku makampuni yaliporuhusu. Kwetu zilifika miaka mingi kabla ya ruhusa, na nina shaka kama ruhusa yenyewe imewahi kutufikia.

Kwenye kompyuta mambo yalianza kwa heri. Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa Doom. Mtunzi mkuu wa programu yake, John Carmack, alitenga ramani, picha na sauti katika mafaili ya peke yake, yaliyoitwa WAD, ili mchezaji aweze kuweka yake bila kugusa programu. Mwaka 1999 Minh Le na mwenzake Jess Cliffe waliijengea gemu ya Half-Life modi iliyoitwa Counter-Strike. Mwaka uliofuata Valve, wenye Half-Life, waliinunua na kuwaajiri, na 2003 ikatoka kwa ajili ya Xbox. Hiyo ya Xbox, hata hivyo, ilikuwa bidhaa ya dukani kama nyingine yoyote, na mchezaji hakuwa na namna ya kuongeza chake.

Sababu iko kwenye biashara. Kampuni yenye mashine huiuza kwa faida ndogo, wakati mwingine kwa hasara, kisha inapata fedha yake kwenye kila gemu inayouzwa. Kwa hiyo lazima mashine ikatae chochote ambacho hakijapita kwake. PlayStation 2 ilitafuta kwenye diski alama ambayo diski ya kuchoma nyumbani haina, na isipoiona haisomi. Mafundi wa Kariakoo, Mwanjelwa na kwingineko walilijibu hilo kwa chipu. Unafungua mashine, unalehemu chipu ndogo kwa nyaya nyembamba kama nywele, na chipu hiyo inaijibu mashine kwamba alama imeonekana. Baadaye ikaja Free McBoot, programu inayokaa kwenye memori kadi, na hapo hata kulehemu hakukuhitajika tena.

Kazi ya mwenye kompyuta ilikuwa hivi. Alinakili diski yote ikawa faili moja la ISO. Ndani yake alikuta mafaili makubwa ya AFS, ambamo kila jezi, kila uso na kila bango la uwanjani limehifadhiwa kwa namba. Alitoa picha ya jezi, akaipaka rangi upya, akairudisha palepale bila kuzidi nafasi iliyokuwepo, maana ikizidi, gemu inaganda kabla ya timu kuingia uwanjani. Liverpool, ambayo Konami hawakuwa na haki ya kuitumia hivyo wakaiita Merseyside Red, ilirudishiwa jina lake na nembo yake. Wabrazili walikwenda mbali zaidi kwa Bomba Patch yao, wakajaza timu za ligi ya nyumbani na kuisasisha PlayStation 2 mwaka baada ya mwaka. Ukiniuliza, kazi hiyo ni ya ustadi, na wengi wa walioifanya hawakulipwa chochote.

Chipu hiyohiyo ilifungua mlango wa kuuza kazi za watu bila idhini, na hilo halina utetezi. Lakini kuwaweka mwizi wa diski na mchoraji wa jezi kwenye kapu moja ni kutomtendea haki mchoraji.

Makampuni yaliogopa kitu kingine pia. Juni 2005 Mholanzi Patrick Wildenborg alisambaza modi ya kompyuta iliyofichua sehemu ya ngono iliyokuwa imefichwa ndani ya GTA San Andreas. Wengi walidhani ameitunga yeye, mpaka wachezaji wa PlayStation 2 walipoifikia sehemu ileile kwa kutumia kodi za kudanganyia gemu. Ikajulikana kwamba ilikuwa kwenye diski tangu kiwandani. Julai mwaka huohuo gemu ile ilipandishwa daraja Marekani ikawa ya watu wazima tu, na maduka makubwa yakaiondoa. Baada ya sakata hilo, mtu wa ofisini akisikia modi kwenye mashine anamfikiria kwanza mwanasheria.

Hata hivyo, miaka miwili tu baadaye Epic Games walitoa Unreal Tournament 3 ya PlayStation 3 na kuruhusu modi zilizotengenezwa kwenye kompyuta. Unaitengeneza modi, unaiandaa kwa ajili ya mashine, unaiweka kwenye flashi, unachomeka. Toleo la Xbox 360, lililofuata 2008, halikuwa na ruhusa hiyo. Kwa mkoa kama wetu, ambako nyimbo na filamu zinaingizwa kwenye flashi dukani, huo ndio utaratibu uliotufaa kuliko wote uliowahi kubuniwa. Haukuigwa na wengi.

Mlango uliotangazwa sana ulifunguliwa 2016. Mei 31 Bethesda waliruhusu modi za gemu yao ya Fallout 4 kwenye Xbox One. Ndani ya siku chache tu, watengenezaji wa modi za kompyuta wakaanza kukuta kazi zao zimepandishwa huko na watu wasiowajua. Sony, wenye PlayStation, walisita hadi Oktoba ndipo wakakubali, kwa sharti kwamba modi isiingize picha wala sauti kutoka nje, bali ipange upya yaliyomo tu ndani ya gemu. Skyrim, gemu nyingine ya Bethesda, ikapewa GB 1 ya modi kwenye PlayStation 4 na GB 5 kwenye Xbox. Oktoba hiyohiyo GIANTS Software ya Uswisi ikaleta modi kwenye mashine kupitia Farming Simulator 17, matrekta na majembe ambayo mkulima wa mahindi wa Ileje angeyaangalia kwa hamu.

Njia hizo za 2016 zote zinataka akaunti, intaneti ya uhakika na bando la kutosha. Kijana wa kata ya Ikinga, wilayani Ileje, anaweza kuwa na mashine na televisheni na bado mlango huo usimhusu. Nalisema hili kwa uchungu, maana habari za 2016 ziliandikwa kana kwamba wachezaji wote wamekaribishwa. Malori nayo yalibaki nyuma: Euro Truck Simulator 2 ya Wacheki wa SCS Software, iliyotoka 2012 na kujaa modi za kila namna, iliendelea kwa miaka mingi kuwa ya kompyuta peke yake, na mji wa malori kama Tunduma ungeifurahia.

Kilichofika huku kilitoka kwa Konami. PES 2016 ya PlayStation 4 ilikubali kuingiza picha kutoka kwenye flashi. Unatengeneza folda, unaiita WEPES, unaweka humo picha za jezi na nembo, mashine inazisoma bila chipu na bila mlolongo. Mtu mmoja mwenye intaneti alipakua, na flashi ikapita banda moja hadi jingine. London FC ikawa Chelsea kwa dakika chache. Na mwenye subira angeweza kuchora jezi ya Simba au Yanga akaivisha timu yoyote asiyoihitaji. Kwa miaka sita, gemu rasmi, kwenye mashine rasmi, ilimruhusu Mtanzania aweke timu yake.

PES 2021 ndiyo ya mwisho kuwa na nafasi hiyo. Septemba 2021 Konami walileta eFootball, ya bure, ikaingia bila sehemu ya kuhariri timu. Anayetaka jezi zake hana budi kubaki na toleo la zamani, na ndiyo sababu PES 2021 haiondoki mabandani.

Kwa sasa kazi imehamia kwenye simu. PPSSPP, programu ya Henrik Rydgård iliyoanza 2012, inaifanya simu ya Android iwe kama PSP, mashine ya gemu ya mkononi, na gemu za mpira za PSP zinafunguliwa kwenye kompyuta na kuvishwa vikosi vipya vilevile kama zilivyofunguliwa diski za PlayStation 2. Dream League Soccer nayo inakubali jezi kwa kiungo cha picha, na za Simba na Yanga zipo tele, zimechorwa na Watanzania. Diski ya PSP haikuzidi GB 1.8, hivyo gemu nzima na modi zake inaingia kwenye memori kadi. Inanunuliwa Tunduma, inapanda gari la Ileje, na jioni hiyohiyo inanakiliwa kwenye simu ya pili na ya tatu.