Maana ya "Kutoana Ngeu"

Msomaji wa bara akisikia ya kwamba watu wawili wametoana ngeu, huenda akadhani ngeu ni mali waliyokuwa wakinyang'anyana. Sivyo. Ngeu ni damu itokayo katika jeraha la kichwa. Tena ndiyo rangi nyekundu ambayo maseremala huipaka kamba wapate kupiga mstari juu ya ubao. Na mtu akipasuliwa kichwa, mstari mwekundu humshuka usoni vivyo hivyo.

Msemo huu ni wa pwani. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ndivyo maneno mengi ya pwani yalivyoingia vitabuni, yakafika hata katika shule za mbali.

Siku hizi wengi, hasa mijini, husema "kuzichapa." Neno hilo lataja ngumi tu, halitaji jeraha. Wazee walitaja damu, wasiufiche mwisho wa ugomvi. Tena waangalie, ndugu wasomaji, walivyosema: si "kumtoa" bali "kutoana." Mshindi hatajwi, kwa kuwa wote wawili hurudi nyumbani na kovu.