Uso wa Paka

Paka wetu aliitwa Kapita. Waliotoka Fizi na Uvira watacheka, maana kapita kwetu ni msimamizi wa kazi, na huyu alisimamia gunia la unga. Tangu aingie nyumbani kwetu hapa Nyarugusu, panya waliacha kutoboa magunia ya mgao. Mwaka 2019 akaanza kushinda chini ya kitanda. Hakulia wala hakuchechemea. Alijikunja tu, masikio yamelala pembeni, macho nusu yamefumba. Nikasema, basi, amezeeka. Siku ya tatu alikataa dagaa. Nikamwonea huruma, nikavunja nusu kidonge cha parasetamoli, nikamsukumia mdomoni. Jioni fizi zake zilikuwa na rangi ya kahawia, uso umevimba, anahema mdomo wazi. Hakuiona asubuhi.

Bibi alisema ni siku yake ilikuwa imefika. Mimi sikuridhika. Nilianza kusoma kidogo kidogo kwenye simu, kila nikipata bando, nikitafuta nilikosea wapi. Nikakuta makosa yangu ni mawili, na yote mawili watu walishayafanya kabla yangu kwa miaka mingi.

Tuanze mbali. Paka hakuletwa kwa watu kwa kamba kama mbuzi. Alijileta. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, panya walikuja, na paka mwitu akawafuata panya. Kisiwani Cyprus wachimbaji walikuta kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na paka pembeni yake. Kwa hiyo kazi ya Kapita kwenye gunia letu ni kazi ya zamani sana. Lakini yule paka mwitu aliishi peke yake. Aliwinda, na yeye pia aliwindwa. Mnyama wa namna hiyo akionyesha kwamba anaumwa, anajitangaza kwa adui. Tabia hiyo paka wa nyumbani bado anayo: akiumwa haombi msaada, anajificha.

Na watu nao hawakuwa wanatafuta. Mwaka 1637 Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika kwamba mnyama ni kama mashine, na baadhi ya wafuasi wake wakafika kusema kilio cha mnyama ni kama kelele ya saa tu. Darwin alikuja kupinga mawazo ya namna hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia za watu na wanyama mna michoro ya paka: mwenye hasira, mwenye hofu aliyeinua mgongo, na mwingine anayejisugua kwa mtu kwa mapenzi. Paka mwenye maumivu, yule wa chini ya kitanda, hakuchorwa.

Hata udaktari wa wanyama haukuanzishwa kwa ajili yake. Shule ya kwanza ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761 na Claude Bourgelat, mtu wa farasi, wakati sotoka inaua ng'ombe Ulaya. Sotoka hiyo hiyo ikaingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwafilisi wafugaji. Huku kwetu basi daktari alifahamika kama mtu wa ng'ombe, na jina lenyewe linasema: daktari wa mifugo. Sasa niambie, paka ni mfugo? Hatumchinji, hatumkamui, hatumuuzi mnadani.

Lakini nisiwaseme watu wa zamani peke yao. Iko habari moja iliyonifanya niweke simu chini. Hadi miaka ya 1980, hospitali nyingi za nchi tajiri zilikuwa zinapasua watoto wachanga kwa dawa kidogo sana ya maumivu, au bila hiyo dawa kabisa. Eti mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima. Mwaka 1987 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa daktari K. J. S. Anand na wenzake: watoto njiti waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata matatizo machache kuliko wasiopewa. Yaani hata mtoto wa mtu, kwa kuwa hana maneno, hakuaminiwa. Wale mnaofanya kazi kliniki mnajua ninachosema.

Miaka hiyo hiyo watafiti walianza kutumia uso wa mtoto kama ushahidi: nyusi zimekunjwa vipi, macho yamekazwa vipi. Njia hiyo ikaenda kwa wanyama, na hapa historia inachekesha kidogo. Aliyetangulia ni panya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, walitoa kipimo cha maumivu kwa kutazama uso wa panya. Paka alisubiri miaka tisa zaidi, tena katika jimbo lilelile! Mwaka 2019 Paulo Steagall, Marina Evangelista na wenzao wa Chuo Kikuu cha Montreal walirekodi video za paka 35 wenye maumivu na 20 wazima, wakalinganisha sura zao. Ni mwaka uleule niliomuua Kapita.

Kipimo chao kinatazama sehemu tano. Masikio ya paka mzima yanatazama mbele. Ya anayeumwa yanalala na kugeukia nje, na nafasi kati ya ncha zake inapanuka. Macho yanabanwa. Pua na mdomo, badala ya kuwa mviringo uliolegea, vinakazwa. Sharubu zinanyooka badala ya kujipinda. Kichwa kinashuka chini ya mabega. Kila sehemu unaipa 0, 1 au 2. Jumla ikifika 4 kwa 10, paka huyo anahitaji dawa ya maumivu. Mtazame akiwa macho na ametulia, kwa mbali, siyo akiwa amelala au anakula au anajilamba. Na usidanganywe na ile sauti ya kuunguruma chini kwa chini tunayodhani ni raha. Paka anayeumwa naye huunguruma.

Masikio, macho, kichwa: Kapita alinionyesha yote siku ya kwanza.

Kosa la pili ni kidonge. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha cha kuiondoa parasetamoli mwilini. Inageuka sumu, inaharibu damu isibebe hewa, ndiyo maana fizi zilibadilika rangi. Kile kinachomshusha mtoto homa kinamuua paka, hata nusu kidonge. Dawa ya paka atoe daktari wa wanyama, basi.

Najua mtasema: daktari yuko wapi? Mtaani kwetu hayupo, na kutoka kambini ni mpaka upate kibali. Kwa hiyo lazima tujue lipi halisubiri. Dume anayechuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Anayehema mdomo wazi, au ambaye miguu ya nyuma imelegea ghafla, huyo ni wa leo. Asiyekula siku nzima msimpe wiki kama nilivyotaka kufanya. Na paka aliyebadilika ghafla akawa mkali, anatoka mate, msimkaribie kupima uso, huenda ni kichaa cha mnyama. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu kliniki siku hiyo hiyo.

Mwaka jana mama mmoja jirani aliniita kwa sababu ya paka wake. Nilikaa mlangoni na vijana wanne wa kikundi chetu, kila mmoja akatoa alama zake kimya. Tulipata 6, 7, 6, 5 na 6. Bahati nzuri afisa mifugo alikuwa amefika jirani kuchanja mbuzi. Tulimpeleka paka ndani ya ndoo iliyofunikwa kitenge. Alipapasa shingo, akakuta jipu la kung'atwa chini ya manyoya, akalipasua, akaosha, akachoma sindano. Mama alimwita mwanangu muda wote, yule afisa, kwa furaha. Kisha akafungua daftari lake kuandika kazi ya siku, akatafuta safu ya paka, hakuiona, akamwandika kwenye mbuzi.