Mpala: kuchunga mambo ya bankambo mbele ya kukaribisha watalii

Ukitoka Kalemie kwa boti na kufuata pwani ya ziwa Tanganyika kuelekea kusini, upande wa Moba, utafika Mpala, pale mto Lufuko unapoingia ziwani. Msafiri anaona misioni, mitumbwi, ndagala zilizoanikwa juani, anaendelea na njia yake. Siku hizi tunasikia watu wakisema: « Pwani yetu ni nzuri, tulete watalii, kijiji kipate feza. » Sisi hatukatai. Lakini tunauliza: huyo mtalii akifika, ni nani atamueleza Mpala, na atamueleza nini?

Tukumbuke kwanza historia. Mwaka 1883, luteni Emile Storms, Mbelgiji aliyetumwa na shirika la mfalme Leopold II, alivuka ziwa kutoka Karema, ambayo leo iko Tanzania. Alifanya udugu wa damu na sultani Mpala, kisha akajenga boma. Ndiyo sababu watu walimuita Bwana Boma. Mwaka 1885 boma lile lilipewa Mapadri Weupe. Mwaka 1887 akafika kapteni Joubert, Mfaransa, kwa kulinda misioni juu ya vita vya wauza watumwa. Kutoka nchi hii ya Watabwa alitokea pia Stefano Kaoze, aliyepata upadri mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati zetu.

Sehemu hiyo iko katika vitabu, na wengi wetu tuliisoma. Kuna nyingine ambayo haisemwi sana. Mwezi wa 12 mwaka 1884, watu wa Storms walimshambulia sultani Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Storms alipeleka fuvu lile Ubelgiji pamoja na mafuvu ya masultani wengine wawili. Sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga nayo ilibebwa, na baadaye iliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren. Fuvu lilikaa Ubelgiji zaidi ya miaka 100. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa katika uwanja mmoja wa mji wa Brussels. Mwaka uleule Ubelgiji ulitoa sheria juu ya kurudisha vitu vya utamaduni vilivyobebwa wakati wa ukoloni, lakini mifupa ya watu haikuingizwa ndani yake.

Tusidanganye wageni kwa kumfanya Lusinga mtu asiye na kosa. Yeye pia alikamata watu na kuwauza, na majirani walimuogopa. Hata hivyo, kosa la mtu haliondoi haki ya jamaa yake ya kumzika. Mambo yote mawili yasemwe, na tuyaseme sisi wenyewe. Tuangalie Ujiji, ng'ambo ya ziwa: ulikuwa soko kubwa, lakini duniani unajulikana zaidi juu ya Wazungu wawili, Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871. Mpala isije ikajulikana kwa Storms na Joubert peke yao.

Basi tunashauri hivi. Kwanza, walimu watume wanafunzi kwa wazee, waandike majina ya vilima, mito, koo na makaburi, kwa Kitabwa na kwa Kiswahili. Mzee akifa hajaulizwa, hakuna atakayejibu kwa nafasi yake. Pili, majengo ya zamani yachungwe: tofali moja likitolewa leo kwa kujenga jiko, kesho litatolewa lingine, na mwisho hatutakuwa na kitu cha kuonyesha. Tatu, feza ya mgeni ipite kwa komite ya kijiji na hesabu isomwe mbele ya watu wote. Waongozaji wawe watoto wa Mpala, wageni walale katika nyumba za kijiji, wale samaki wa wavuvi wetu. Lakini mtu asifunge pwani kwa ukuta wa oteli pale mitumbwi inapotia nanga. Na wavuvi nao waache nyavu za mbu, zinazomaliza samaki wadogo. Ziwa likiwa tupu, hatutakuwa na chakula wala wageni.

Nne, tujenge nyumba ndogo ya kumbukumbu, hata ya tofali za udongo. Siku moja tukidai sanamu ya Lusinga, tutaulizwa: mtaiweka wapi? Tuwe na jibu.

Kazi hiyo haingojei watalii. Mtoto wa Mpala akijua historia yake, mgeni atapata wa kumuongoza. Asipoijua, mgeni atakuja na kitabu mkononi, na yeye ndiye atakayetueleza sisi bankambo wetu walikuwa watu gani.