Mizinga na Mvua

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, katika mzozo wa kiti cha usultani uliofuatia kifo cha Sayyid Hamad bin Thuwaini, manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme ya ufukweni Unguja. Kwa muda usiotimia saa moja sehemu kubwa ya majumba hayo iligeuka kifusi. Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilisalia wima. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake uliharibika, na mwaka uliofuata mnara wa saa ukaungwa na jumba lenyewe.

Tunapotaja maafa, aghlabu fikra zetu hukimbilia kishindo kama hicho na adui anayeonekana. Lakini jumba lililostahimili mizinga halikustahimili mvua. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nguzo zake za chuma. Paa likivuja, maji hupenya ndani. Upepo wa bahari huja na chumvi. Chuma hushika kutu, na kutu huvimba hata ikapasua kilichoizunguka. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na makumbusho yaliyokuwamo yakafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiendelea, mnara wa saa na sehemu kubwa ya mbele ya jumba viliporomoka. Watu wawili walipoteza maisha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii yamtosha mwashi, kwani ukuta, kwa gharama na jasho, hujengeka tena. Mhifadhi haimtoshi. Miongoni mwa vilivyowekwa katika jumba hilo ni mtepe uliojengwa mwaka 2003, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari. Huo ni mfano tu, kwani mitepe yenyewe ilikwisha kutoweka baharini. Na kilichopotea bila ya kuandikwa hakiwezi kuundiwa hata mfano.

Hasara ya namna hiyo iliwafika Wabrazili usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, Makumbusho yao ya Taifa yalipoungua mjini Rio de Janeiro. Yalikuwa yametimiza miaka 200, yakihifadhi vitu vipatavyo milioni 20, zikiwamo kumbukumbu za lugha za wenyeji wa asili. Wazimamoto walipofika, mabomba ya karibu hayakuwa na maji ya kutosha.

Kinga, basi, haianzi siku ya maafa. Huanza kabla ya masika, mtu anapopanda juu ya paa kusafisha michirizi. Huanza katika daftari, kila kitu kikiwa na nambari, picha na maelezo ya asili yake, na nakala ya daftari hilo ikawekwa katika jengo jingine. Huanza kwa kuafikiana mapema kipi kitolewe kwanza watu wakishasalimika, na nani anashika ufunguo.

Kazi hizi hazina sherehe. Hapana mgeni rasmi anayealikwa kuushuhudia mchirizi uliosafishwa, na kwa hiyo fungu lake ndilo la mwanzo kupunguzwa. Anayetaka kujua kama makumbusho yake yako salama asiulize yana mlinzi mlangoni. Aulize ni lini paa lilikaguliwa mara ya mwisho, na daftari liko wapi.