Mnyaa: kupukutika kwa majani

Mnyaa (Euphorbia tirucalli) ni mmea wenye utomvu mweupe unaopandwa kuwa ua kando ya nyumba na mashamba. Hustahimili kiangazi kirefu cha Tabora, kikiwemo cha kata ya Ipuli, kuanzia Mei hadi Oktoba. Majani yake membamba hutokea kwenye ncha changa na kupukutika mapema. Huo si ugonjwa: vitawi vya kijani ndivyo vinavyotengeneza chakula, na hufungua vitundu vyao vya hewa usiku ili maji yasipotee. Anayeuona ua hauna majani na kukimbilia ndoo anaweza kuuletea maradhi ambayo haukuwa nayo.

Kitazamwe kitawi, si jani. Kikisinyaa na udongo ni mkavu, maji yanahitajika. Shina likilainika na kuwa jeusi chini, mizizi inaoza. Hapo hukatwa kipande kizima juu ya uozo, kikaachwa kivulini wiki moja hadi jeraha likauke, kisha hupandwa kwenye udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Utomvu ukiingia machoni unaweza kupofusha; osha kwa maji mengi, uende hospitali mara moja.