Kabla Ubonyeze Kitu, Kumbuka 1202

Nilikuwa fomu tatu shosho alipotuacha. Picha zake zote za mwisho zilikuwa kwa laptopu ya brathe yangu. Miezi michache baadaye skrini ikageuka bluu, maandishi meupe yakajaa, na nyumba nzima ikanyamaza kama matangani. Tukaipeleka kwa fundi wa mtaani. Akaiangalia dakika mbili hivi, akasema, "Hii ni kufomati tu." Tukalipa, akafomati. Laptopu ikarudi safi kama ya dukani. Picha za shosho hazikurudi.

Kwa muda mrefu nilimlaumu fundi. Siku hizi naulaumu ule woga wetu. Tuliona bluu, tukaamua ni kifo, na hakuna hata mmoja wetu aliyesoma kilichoandikwa pale.

Sasa twende nyuma kidogo, hadi tarehe 20 Julai 1969. Neil Armstrong na Buzz Aldrin wanashuka mwezini ndani ya chombo chao, Eagle. Kompyuta inayowaongoza ina nafasi 2,048 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Picha moja ya simu yako haiwezi kutosha humo. Ghafla taa ya onyo inawaka, na kwenye kidude cha namba inatokea 1202. Hakuna maelezo, ni namba tu. Armstrong anauliza Houston hiyo kitu inamaanisha nini. Fikiria uko juu ya mwezi, mafuta yanaisha, na mashine inakupigia kelele kwa lugha usiyoijua.

Kule Houston, anayepaswa kujibu ni Steve Bales, kijana wa miaka 26. Anayemsaidia kutoka chumba cha nyuma ni Jack Garman, miaka 24. Hawa si wazee wa kazi, ni rika la wengi wenu mnaosoma hapa.

Lakini walikuwa na kitu kimoja sisi hatukuwa nacho. Wiki chache kabla, kwenye mazoezi, waliletewa alamu kama hiyo. Bales akaogopa, akasimamisha safari, na baadaye wakaambiwa haikuwa lazima. Bosi wao, Gene Kranz, akataka kila alamu ichunguzwe. Garman akaziandika kwa mkono, na maana yake. Kwa hivyo 1202 ilipotokea kwa ukweli, hakubahatisha. Alijua kwamba kama hairudi mfululizo, safari inaendelea. Bales akasema twende.

Na 1202 ilikuwa nini? Kompyuta ilikuwa imelemewa. Rada ya kutafuta chombo mama ilikuwa inaitumia ishara ambazo hazikuhitajika wakati huo, na hizo zikala muda wake. Watu wa MIT, akiwemo Hal Laning aliyebuni namna ya kupanga kazi kwa umuhimu, na Margaret Hamilton aliyeongoza programu za safari, walikuwa wameitayarisha kwa siku kama hiyo. Ikizidiwa, inatupa kazi ndogo, inajiwasha upya, na kuendelea na zile kubwa kutoka pale ilipofika. Chombo kiko wapi na kinaenda kasi gani, yote hayo yalibaki salama. Kumbe ile alamu ya kutisha ilikuwa mashine ikisema inajirekebisha! Ilirudi mara kadhaa, na bado wakatua.

Ungedhani baada ya hapo watengenezaji wangejifunza kuongea na watu vizuri. Wapi! Macintosh ya 1984 ikikwama ilikuonyesha picha ya bomu. Windows 95 nayo ilisema programu yako imefanya kitendo kisicho halali na itafungwa. Kufungwa kabisa, kama mshukiwa! Si ajabu tulikua tukiamini kila kosa la skrini ni msiba.

Halafu ikaja 19 Julai 2024, siku moja tu kabla ya ile safari kutimiza miaka 55. Sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5. Viwanja vya ndege, hospitali na benki, kote skrini za bluu. Na dawa ilikuwa nini? Kwa nyingi, kuwasha kompyuta kwa hali salama, kufuta faili moja bovu, kuiwasha tena. Zilizofungwa kwa usimbaji zilidai kwanza ufunguo wa kurejesha. Lakini kazi za watu zilikuwa palepale ndani ya diski. Aliyekimbilia kufomati alichoma nyumba kwa sababu kufuli imekwama.

Kwa hivyo msee, skrini ikikutisha, piga picha ya ule ujumbe na usome namba yake. Usikubali swali lolote la kufuta kabla hujalielewa. Mwambie fundi atoe mafaili kwanza: diski inaweza kuchomolewa na kusomwa kwa kompyuta nyingine. Kama diski yenyewe inagonga-gonga, zima kabisa, usiendelee kujaribu. Kurekebisha kunafuata baada ya hapo, na kufomati ndiyo mlango wa mwisho. Na usingoje alamu ndiyo uweke nakala mahali pengine. Garman hakuandika orodha yake siku ya safari.

Pengine picha za shosho zilikuwa bado zimo ndani siku ile tukimlipa fundi. Sitawahi kujua, na hilo ndilo linaniuma kuliko ile bluu.

Wewe "kufomati tu" ilikula nini chako? Niambie hapo chini. Lakini kwanza, zile picha za watu wako, ziko mahali pamoja tu?