Famadihana

Famadihana ni desturi ya Madagaska (kisiwa ambacho kwa Kiswahili kiliitwa zamani Bukini) ambayo ukoo hufungua kaburi lake, huwatoa marehemu na kuwavisha sanda mpya kabla ya kuwarudisha. Jina linatokana na kitenzi cha Kimalagasi *mamadika*, maana yake "kugeuza". Desturi hiyo hufuatwa hasa na Wamerina na Wabetsileo wanaoishi katika nyanda za juu za katikati ya kisiwa.

Imani

Katika imani ya jadi ya Wamalagasi, marehemu hawatoki katika ukoo. Wanakuwa *razana*, yaani mababu wanaoweza kuwabariki wazao wao au kuwaadhibu wakisahauliwa au miiko (*fady*) ikivunjwa. Hata hivyo, mtu hawi babu kamili siku anapozikwa, bali mwili unapokuwa umeoza na kubaki mifupa mitupu. Kwa sababu hiyo kaburi la ukoo, ambalo mara nyingi hujengwa kwa mawe au saruji, huweza kuwa imara kuliko nyumba za walio hai. Kunyimwa nafasi ndani yake huhesabiwa kuwa kati ya adhabu kubwa kuliko zote.

Jinsi inavyofanyika

Famadihana hufanyika wakati wa kiangazi cha baridi, kuanzia Juni hadi Septemba, kwa kawaida baada ya kila miaka 5 hadi 7. Tarehe huchaguliwa na mnajimu (*mpanandro*). Mara nyingine mtu wa ukoo huota ndoto kwamba marehemu analalamika kuwa anasikia baridi, na ndoto hiyo huchukuliwa kama ombi la nguo mpya.

Marehemu hutolewa nje wakiwa wamelazwa juu ya mikeka. Jamaa huwapakata, huzungumza nao, huwapa habari za ukoo na kuwaonyesha kwa watoto ambao hawakuwahi kuwafahamu. Kisha huwafunga kwa sanda iitwayo *lambamena* ("nguo nyekundu"), ambayo kwa jadi ni ya hariri, ingawa siku hizi si lazima iwe na rangi hiyo. Mara nyingi jina huandikwa juu ya sanda lisije likasahauliwa. Halafu hubebwa kuzunguka kaburi kwa ngoma na tarumbeta. Ni siku ya furaha: wageni hulishwa wali na nyama yenye mafuta mengi, na wanawake wanaotafuta mtoto huchukua vipande vya mikeka iliyolaliwa na marehemu.

Ibada hiyo hutumika pia kumrudisha nyumbani mtu aliyezikwa mbali.

Desturi za karibu

Si makabila yote ya Madagaska yanayofanya famadihana. Wasakalava wa magharibi huosha masalia ya wafalme wao katika sherehe ya *fitampoha*, nao Wamahafaly wa kusini hupamba makaburi kwa nguzo za mbao zilizochongwa (*aloalo*). Desturi inayofanana na famadihana iko kwa Watoraja wa Sulawesi, Indonesia. Lugha ya Kimalagasi nayo ina asili katika visiwa vya huko.

Hali ya sasa

Wamalagasi wengi ni Wakristo. Wakatoliki wengi huona famadihana kuwa heshima kwa wazazi, lakini madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti huipinga. Gharama za sanda na karamu ni kubwa, hivyo familia maskini hulazimika kuweka akiba kwa miaka au kungoja.

Suala jingine ni tauni, ambayo bado hutokea kisiwani. Katika mlipuko wa mwaka 2017 zaidi ya watu 200 walifariki, na serikali ilionya dhidi ya kufungua makaburi ya waliokufa kwa ugonjwa huo. Kanuni za afya zinataka wazikwe katika kaburi lisilofunguliwa tena. Kwa ukoo wenye imani ya jadi, maana yake ni kwamba marehemu hatalala pamoja na mababu zake wala hatavishwa sanda mpya.